Mnara Wenye Tumbo na Mgongo

Rocalauza, Jumatatu baada ya Pasaka, mwaka wa Bwana 1241

Kwa Aldiarda binti yangu, huko Pontmartel,

Ni mimi baba yako ninayeandika, kwa mkono wangu, si kwa mkono wa padri. Padri wetu ana mwandiko mzuri lakini ana mdomo, na habari hizi sitaki zifike kanisani kabla hazijafika kwako. Herufi zangu ni kubwa na zimesimama wima, sababu unaijua. Nilijifunza kuandika kwa kuchonga mawe ya makaburi, na marehemu hawana haraka.

Mimi mzima. Goti linauma asubuhi, mchana linasahau. Mbuzi wamezaa.

Sasa sikiliza. Bwana Bernat, mwenye ngome hii, amerudi kutoka kaskazini na amerudi na wazimu. Alinikuta kwenye kibanda cha waashi nikinoa patasi, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mzee Gauzbert," akasema, "huko nilikokwenda, kila mtu mwenye heshima ana mnara wa duara."

Nikamjibu, "Bwana wangu, nilipokuwa kijana kila mtu mwenye heshima alikuwa na chawa."

Akacheka. Anacheka vizuri yule, meno yote nje. Halafu akasema kwamba pembe ya ukuta upande wa mto inataka mnara mpya, nao uwe wa duara, na Sikukuu ya Mtakatifu Martini, mwezi wa Novemba, tunapofunika kuta kwa majani na samadi ili baridi isizipasue, aukute umeshapita kimo cha mtu aliyepanda farasi. "Na ukiona kazi hii si yako," akasema, "nitamwita anayeijua, nawe uende ukapumzike kwa binti yako."

Kupumzika! Yaani nikakae mekoni kwako kama paka, watu wananiruka kufuata chungu! Mimi! Ule mnara mkubwa wa Rocalauza aliujenga nani? Mimi. Wa pembe nne, kuta zake nene hivi kwamba Pons, yule kiziwi wangu mchanganya chokaa, alilala ndani ya tundu la dirisha akageuka upande wa pili bila kuanguka. Boriti zinalala kutoka ukuta hadi ukuta, fundi seremala hakuhitaji kukata hata moja mshazari. Kitanda kinakaa kwenye kona yake. Sanduku linagusa ukuta. Mtu akiingia anajua mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Ukiingia kwenye duara unazunguka kama punda wa kinu cha mafuta.

Na usinitajie mumeo na minara yake ya duara. Yule mfinyanzi wa vyungu alisimama siku ya harusi yenu, mkononi kikombe changu, ndani ya kikombe divai yangu, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba kona ya mnara wa pembe nne ndipo adui anapotia meno. Sijasema naye tangu siku ile na sitasema naye. Msalimie.

Nakutumia jibini mbili.

Baba yako,
Gauzbert, mkuu wa waashi wa Rocalauza


Pontmartel, mkesha wa Pentekoste

Shikamoo Baba,

Barua yako imeletwa na mwenye nyumbu wa chumvi, pamoja na jibini moja na nusu. Anasema hiyo nusu nyingine ilikuwa inaharibika njiani, akaiokoa.

Nimemsomea Raimon. Usikunje uso, nyumba yenyewe ni chumba kimoja, ningejificha wapi? Nilipofika kwenye maneno "mfinyanzi wa vyungu" alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mwambie baba mkwe," akasema, "chungu hakina kona, ndiyo maana panya hajui aanzie wapi."

Maneno yake ni yaleyale ya harusini, ila siku hizi anayasema taratibu. Adui akichimba chini ya kona na jiwe moja likatoka, mawe ya jirani hayana wa kuyashika. Kwenye duara mawe yote yamebanana mabega. Jiwe la mtambo wa vita likirushwa linateleza pembeni badala ya kugonga uso kwa uso. Na mlinzi aliye juu ya mnara wa pembe nne hawezi kumwona mtu aliyejibanza mbele ya kona, mpaka yule mtu apige chafya.

Hayo ni ya Raimon. Mimi nikwambie ya anayelala humo. Mpaka nyumba yetu iishe tunakaa chumba cha chini cha mnara wake mpya, na kitanda kinagusa ukuta kwa ncha mbili tu. Katikati pamebaki pengo, na kila kitu kinaangukia humo: sindano, vitunguu saumu, juzi kuku mzima. Sanduku la mama nimelisukuma kila upande, linakaa kama mgeni asiyekaribishwa. Mke wa bwana wetu anayelala ghorofa ya juu amegoma kutundika mazulia yake ukutani. Anasema yanajikunja kama mtu mwenye maumivu ya tumbo. Kwa hiyo baba yangu hakukosea kila kitu.

Lipo jingine, afadhali ulisikie kwangu. Bwana Bernat ameshamtumia Raimon mtu. Raimon amemjibu kwamba hatashika mwiko Rocalauza wakati mwiko wako bado una chokaa mbichi. Mtu yule akasema vyema, tutarudi Martini. Bwana wetu na Bwana Bernat ni watoto wa ndugu, Baba. Raimon akiamriwa na bwana wake ataanzia wapi kukataa?

Nafasi yako hapa ipo, ina moshi kidogo. Nakutaka kwangu, hilo ulijue. Lakini nataka uje kwa miguu yako, si kwa kufukuzwa.

Nimuulize Raimon jinsi anavyopima duara? Anaeleza vizuri akiwa ameshiba.

Binti yako,
Aldiarda


Rocalauza, siku ya pili baada ya Mtakatifu Yohana

Mwanangu,

Usimuulize! Duara ni kitu gani hata niulize? Ni kigingi na kamba. Mbuzi akifungwa kigingini anachora duara kila siku kwa kula majani, na mbuzi hajawahi kwenda Pontmartel kujifunza kwa mtu.

Nimemwambia Bwana Bernat nitamjengea. Ametoa macho. Alidhani nitalia. Nimemwambia, "Mwenye kujua kona ndiye anayejua pasipo na kona," akaenda zake anatafuna neno hilo.

Nimenunua kamba ya katani, mpya, nene kama kidole gumba, inanukia vizuri hata Pons ameinusa mara mbili. Kigingi nimekipiga katikati, cha mwaloni, hakitingishiki hata ng'ombe akijikuna. Tumeanza upande wa mto, ndio wa maana. Kila jiwe ninalolaza navuta kamba, nalipima, nalipapasa, ndipo naweka la pili. Jua ni kali, chokaa inashika vizuri, na tumbo la mnara limetokeza kuelekea mto kama tumbo la askofu. Waashi wangu walikuwa wakicheka mwanzoni. "Babu kapenda vyungu uzeeni," eti. Sasa hawacheki. Wakishakula wanakuja kutazama.

Nakiri jambo moja, na usimsomee mtu hapa. Lina uzuri wake. Jioni kivuli kinazunguka juu yake polepole, hakikatiki.

Upande wa uani tutaumaliza mwezi ujao. Mwambie mumeo auoshe mwiko wake autundike, huku hauhitajiki.

Baba yako,
Gauzbert


Pontmartel, siku ya Mtakatifu Laurenti, mwezi wa Agosti

Baba mpenzi,

Mvua imetuzoea huku. Tangu wiki iliyopita haijakatika, kuku wanaoga wasipotaka. Mwenye nyumbu anaondoka sasa hivi, nyumbu wake wanapiga kwato mlangoni, kwa hiyo naandika haraka.

Ulinikataza nisimuulize Raimon, nami sikumuuliza. Nilisema tu peke yangu, kwa sauti, wakati yuko hapo, kwamba baba anatumia kamba. Akainua kichwa. "Kamba ya katani?" Nikasema ndiyo. "Na mvua hii?"

Anasema yeye na watu wake hawatumii kamba kabisa. Wanatumia ufito mrefu wa mti mkavu, uliotobolewa mwisho na kuvishwa kwenye pini ya chuma katikati, unaozunguka kama mkono wa kinu. Kwa sababu katani ikilowa inajikaza na kuwa fupi. Mtu anaanza duara kwa jua, analimaliza kwa mvua, na upande wa mwisho unakuwa mdogo kuliko wa mwanzo. Ncha mbili zinapishana, hazikutani. Anasema alipokuwa mwanafunzi aliona msingi mzima ukibomolewa kwa ajili hiyo, na mwashi aliyeupima akaondoka mjini bila kuaga.

Tafadhali, Baba, kama mvua imefika huko, simamisha kwanza. Acha kiburi kikauke pamoja na kamba.

Aldiarda


Rocalauza, siku ya Msalaba Mtakatifu, mwezi wa Septemba

Mwanangu Aldiarda,

Barua yako ya Laurenti imefika jana. Mto ulifurika, daraja la mbao likaenda na maji, na mwenye nyumbu alikaa ng'ambo muda wote huo akiokoa jibini za watu. Barua imelowa. Mahali unapoeleza habari ya ufito na kamba wino umesambaa, sikuweza kusoma kitu. Si neno. Hainihusu.

Mvua ilinyesha, ndiyo. Mvua ni mvua.

Kuhusu duara. Upande wa mto liko safi, nalisema hata mbele ya malaika. Upande wa uani limefika lilipotaka kufika. Nilikaa juu ya ndoo nikalitazama kutwa nzima, mpaka Pons akadhani nimekufa akaja kunigusa kwa fimbo. "Uko hai?" akapiga kelele. Nikamwambia nafikiri. "Nini?" Nafikiri! "Unafikia wapi?" Nikamwacha.

Kisha nikatoa barua yako ile nyingine, ya kitanda na kuku aliyeanguka nyuma yake. Nikaisoma tena. Na usiku ule nililala vizuri.

Kesho yake nikawaambia waashi wachimbe msingi ulionyooka, moja kwa moja, kutoka ncha ya tumbo upande huu mpaka ncha ya upande ule. Wakanitazama. Nikawaambia, "Mlidhani nini? Ndivyo ulivyo tangu mwanzo, niliwaficha tu." Kona mbili zimepatikana uani, na kona ni mambo yangu, tangu enzi za babu yangu. Nimezifunga kwa mawe marefu, moja limelala huku, linalofuata linalala kule, yameshikana kama vidole vya mtu anayesali.

Bwana Bernat akaja na mkewe, Bibi Saurina, wamekanyaga matope mpaka magotini.

"Gauzbert," akasema, "hiki ni nini? Mbele duara, nyuma ubao!"

"Bwana wangu, adui atakujia kwa mtoni au kwa jikoni?"

"Kwa mtoni."

"Basi adui nimempa tumbo, agonge ateleze, achimbe asipate kona. Na Bibi nimempa mgongo, ulionyooka, aweke kitanda."

Bibi Saurina akasogea. "Sanduku langu litagusa ukuta?"

"Litagusa, Bibi, na mazulia yatanyooka."

"Bernat," akasema bila kumtazama mumewe, "mzee huyu asiguswe."

Lakini yule bwana si mjinga. Alizunguka uani akasimama kwenye yale mawe machache ya chini, yanayotoka kwenye kona moja na kujipinda kwenda pasipo na ukuta. Tulikuwa tumeshayalaza kwa chokaa wakati wa ile mvua.

"Na haya?"

"Benchi," nikasema.

"Benchi?"

"La walinzi. Wakae wafunge viatu."

Akakuna ndevu. Akasema atamleta mtu mwenye kujua aupime mnara kabla majani hayajawekwa juu, kwa sababu hajawahi kuona kitu kama hiki kusini wala kaskazini. Nikasema alete amtakaye, hata askofu.

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa. Wewe nakwambia kwa sauti ndogo kwamba goti limeanza kuuma hata mchana.

Baba yako,
Gauzbert


Pontmartel, siku ya Mtakatifu Luka

Baba,

Benchi?

Haya. Sitauliza.

Mtu mwenye kujua ni Raimon. Bwana Bernat ameleta ombi, na safari hii bwana wetu mwenyewe ameamuru. Siku ya Martini atakuwa kwenu. Atautazama mnara na kusema mbele ya watu kama unafaa au haufai. Akisema haufai, yeye ndiye atakayeubomoa na kuanza upya wakati wa kuchipua kwa majani, nawe utaletwa kwangu na vyombo vyako.

Analala vibaya. Jana aliamka akasema, "Nikisema haufai nitakuwa nimemmaliza baba yako. Nikisema unafaa na haufai, siku moja utaangukia watu." Nimemwambia asinitazame mimi, ayatazame mawe. Sikumwomba akupendelee, Baba. Ungenichukia, na yeye asingekubali.

Nakuomba wewe kitu kimoja tu. Akifika msalimie kwa mdomo wako, si kwa kunituma mimi.

Aldiarda


Rocalauza, Jumapili baada ya Martini

Kwa Aldiarda, na huyo uliye naye nyumbani asome pia kama anataka,

Alikuja. Amenenepa. Unampa nini?

Nilikuwa nimesimama uani, kofia mkononi kwa sababu ya upepo, si kwa sababu nyingine. Bwana Bernat yuko, Bibi Saurina yuko, waashi wote wamejipanga kama kwenye mazishi. Nikasema, "Karibu, Raimon." Kwa mdomo wangu. Pons peke yake hakusikia, akauliza kwa nini watu wote wamenyamaza.

"Ahsante, baba mkwe," akasema. "Mnaendeleaje?"

"Tunajenga."

Akaanza kazi. Na nitasema haki yake, anajua kutazama. Alianzia mtoni. Akateremsha timazi, akasubiri itulie, akateremsha tena. Akagonga mawe kwa mpini wa nyundo huku ameinamisha sikio. Akalala chali kwenye matope na joho lake zuri akatazama tumbo la mnara kutoka chini. Halafu akaja kwenye zile kona mbili, pale duara linapokutana na ukuta ulionyooka, akatoa chuma chembamba akakisukuma kwenye chokaa. Kikakataa. Akajaribu juu zaidi. Kikakataa. Akajaribu kona ya pili, mimi nikitazama mawingu.

"Hapa ndipo ungepasuka," akasema, kama anajisemea. "Hapa ndipo yangu ingepasuka." Akapapasa yale mawe marefu yanavyopishana. "Nani kafunga hizi?"

"Nani unadhani?" nikasema.

Bwana Bernat akakohoa. "Haya, fundi. Unafaa au haufai?"

Jikoni bata wa sikukuu ya Martini walisikika wakiungua.

"Unafaa, bwana," akasema mumeo. "Mbele ningejenga hivihivi. Nyuma nisingeweza."

Waashi wakarusha kofia. Bibi Saurina akamwambia mumewe, "Si nilikwambia?" Bwana Bernat akacheka, meno yote, akasema kuanzia leo mnara huu uitwe Mnara wa Gauzbert na kwamba benchi pia amelipenda. Wakaenda kula.

Raimon hakwenda. Alikaa kwenye benchi. Akafuata yale mawe kwa macho, taratibu, jinsi yanavyojipinda, kisha akageukia katikati ya mviringo wake, pale uani, ambako kigingi changu bado kiko na kamba imezungushwa juu yake. Akaitazama kamba. Akanitazama mimi.

"Baba mkwe, wazo hili ulilipata wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani." Akatikisa kichwa chake polepole. "Na mvua ya Agosti, huku ilikuwa kubwa?"

"Ya kawaida," nikasema.

Hakucheka. Mdomo ulimcheza kidogo upande mmoja, basi. Akasogea, akanipa nafasi. Nikakaa. Ni benchi zuri, Aldiarda, limeshika joto la jua.

Tukakaa hapo mpaka Pons akaja kupiga kelele kwamba bata anaisha. Baada ya chakula tukafunika ukuta sisi wawili. Raimon alipanda juu kwa sababu ya goti langu, mimi nikampa majani na samadi kwa uma kutoka chini, na samadi nyingine ilimwangukia usoni, kwa bahati mbaya. Akasema, "Hiyo ni ya harusini?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Tumemalizana?" Nikasema tumemalizana.

Ameniomba nimfundishe kufunga kona. Nimekubali, mikono anayo. Bwana wake anataka mnara kama wangu kwa ajili ya yule mkewe mwenye mazulia. Yeye anasema atanionyesha ule ufito wake wa mti, nami nitautazama kwa adabu.

Kwa hiyo nakuja, kabla theluji haijafunga njia. Nakuja kwa miguu yangu kama ulivyotaka, yaani kwa miguu ya nyumbu. Nitakaa mpaka baridi iishe, kisha narudi, mnara wangu haujapata paa. Usiniweke kwenye ule mviringo na kuku wako. Nitafutie mahali penye kona.

Nakuletea njugu za msituni, jibini tatu ambazo safari hii nitazilinda mwenyewe, na ile kamba ya katani. Huku haina kazi tena na bado ni nzima kabisa. Ifunge uani uanike nguo. Ila ukiona mawingu, ilegeze kidogo.

Baba yako,
Gauzbert, mwenye Mnara wa Gauzbert